Mizinga Mitupu ya Sikonge

Kutoka Tabora mjini hadi Sikonge ni mwendo wa kilomita 70 hivi kwenda kusini. Ukiipita Sikonge kuelekea Mpanda, vijiji vinaanza kuachana na msitu unasogea hadi kando ya barabara. Mwezi wa Juni nyasi zimeshakauka, baridi ya asubuhi inauma, na kina mama wamepanga asali mezani katika chupa za maji zilizooshwa. Chupa hazifanani. Moja ni ya manjano inayopenya mwanga, nyingine kahawia iliyokolea, nyingine ina vipande vya masega vinavyoelea juu. Nilimuuliza mama mmoja ipi ni safi. Alinionjesha zote kwa kijiti, kisha akasema zote ni safi, ila kila moja ina maua yake.

Asali ilinipendeza, lakini siyo iliyonileta. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za nyuki wanaokufa ng'ambo. Marekani ilishtuka mwaka 2006, wafugaji walipofungua mizinga wakakuta malkia yupo, majana yapo, akiba ya asali ipo, lakini nyuki vibarua wametoweka. Tangu hapo kila mwaka kuna hesabu ya makundi yaliyopotea, na kila mwaka wafugaji wa kule hununua makundi mengine kufidia. Kwetu Tanzania, nchi inayotajwa ya pili Afrika kwa asali baada ya Ethiopia, sijawahi kumsikia mfugaji akilalamika kwamba nyuki wake wamekufa. Husema wamehama. Nilitaka kujua kama hilo ni jambo lilelile kwa jina jingine.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyeanza kukwea miti ya msitu huu akiwa bado kijana mdogo. Nitamwita Babu, kama alivyoitwa na kila mtu kambini, isipokuwa mpwa wake aliyemwita mjomba. Pikipiki ilitufikisha pale njia ilipoishia, tukaendelea kwa miguu, mpwa akisukuma baiskeli iliyofungwa madumu matupu nyuma. Babu alitembea mbele bila kusema mengi. Kila baada ya muda alikuwa akiinua fimbo kuelekeza juu, nami nilihitaji kukaza macho ndipo niuone mzinga: gogo limelala kwenye matawi, kijivu kwenye kijivu, juu kabisa ya mtundu au muba.

Mizinga yake ni ya aina mbili. Ya magogo huchongwa kwenye miti kama mninga, na hudumu miaka mingi. Ya magome hutengenezwa kwa kuubandua mti ganda lake zima, likakunjwa na kushonwa kwa vijiti, na mti uliobanduliwa hufa ukiwa umesimama. Babu aliacha kutengeneza ya magome zamani. Hakunipa hotuba ya mazingira. Alisema tu kwamba mti uliokufa hautoi ua, na mfugaji anayeua mti ili apate mzinga amejipunguzia chakula cha nyuki aliowatengenezea mzinga huo.

Jambo lililonishangaza ni mizinga mitupu. Tulipita chini ya mmoja, Babu akatega sikio, akasema, "Huu hauna watu." Wa pili vilevile. Nilikadiria kwamba karibu nusu ya mizinga tuliyoipita siku ile haikuwa na nyuki. Nikamuuliza kama haoni hasara.

"Watakuja," alisema. "Wasipokuja mwaka huu, mwakani. Wewe ukimkuta mtu hayupo kwake, unambomolea nyumba?"

Hapo nilianza kuelewa kwamba neno ufugaji tunalitumia kwa kukosa jingine. Babu hana kundi hata moja alilolinunua, alilolizalisha au alilolihamisha kwa gari. Anachomiliki ni vyumba vya kupanga, na mpangaji huingia na kutoka kwa hiari yake. Kazi ya Babu ni kukifanya chumba kivutie: mzinga uwe na kivuli, maji yasiwe mbali, siafu wasiwe na njia rahisi, na mlangoni apake nta kidogo ili harufu iwaite wapelelezi.

Wapelelezi hao wamechunguzwa sana. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen, ndiye aliyeonyesha kwamba kibarua aliyepata maua hurudi nyumbani akacheza juu ya sega gizani. Mstari anaoufuata akitikisa kiwiliwili, ukilinganishwa na wima wa sega, unaeleza pembe ya maua kutoka upande wa jua. Muda anaotumia kutikisika unaeleza umbali. Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, aliona baadaye kwamba kundi lililotoka kutafuta makao hutumia ngoma hiyohiyo. Wapelelezi hurudi kila mmoja akisifia shimo lake, wengine huenda kulikagua, na wanaosifia shimo baya hupunguza bidii ya kucheza mpaka kura zote zinaangukia mahali pamoja. Malkia hana sauti katika uamuzi huo. Nilipomsimulia Babu habari hizi, alisema wapelelezi anawajua, huwaona wakizungukazunguka mzinga mtupu siku mbili tatu kabla ya kundi kuingia. Habari ya ngoma ilimchekesha. Alitaka kujua huyo mzungu aliwezaje kuona ndani.

Urinaji tulifanya baada ya jua kuzama. Nyuki wa huku ni wale ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, nyuki wa savana na miombo ya Afrika Mashariki na Kusini. Sumu ya mmoja haizidi ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba hawa hukasirika upesi zaidi, hutoka wengi zaidi na humfukuza mtu mbali zaidi. Usiku huwa afadhali, kwa sababu nyuki hapendi kuruka gizani, hutambaa. Ila huufuata mwanga, na kwa hiyo amri ya kwanza niliyopewa ni kuzima tochi na kuiweka simu ndani ya begi.

Mpwa alikwea kwa kamba, na kienge cha majani makavu kikifuka moshi kando yake. Moshi una kazi mbili. Nyuki akiunusa hukimbilia kushiba asali, kana kwamba msitu unawaka na safari ya ghafla inakuja. Pia moshi hufunika harufu ya hatari. Nyuki anapochoma, mwiba wenye vishikizo hubaki kwenye ngozi pamoja na mfuko wa sumu, yeye mwenyewe hufa, na mwiba ule hutoa harufu inayowaelekeza wenzake pale pale palipochomwa. Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni kemikali ileile inayopatikana katika harufu ya ndizi mbivu. Nilichomwa mkononi, nikainusa ngozi, na kweli ilikuwa ndizi. Babu aliukwangua mwiba kwa ukucha, akanisogeza upande wa moshi, akaniambia nisiruke-ruke.

Kutoka juu ndoo iliteremka kwa kamba. Mpwa alikata masega ya upande wa nyuma tu, mbali na tundu la kuingilia, kwa kuwa huko ndiko nyuki huweka akiba. Mbele hukaa majana, na sega la majana likikatwa kundi lina sababu nzuri ya kuondoka. Warinaji wenye haraka hukomba vyote, wakakamua asali na majana pamoja, na ladha inayobaki mdomoni huitambua kila aliyewahi kuuziwa. Babu ana maneno makali kwa watu hao. Siyaandiki hapa.

Sega moja lilikuja na kipande cha majana kwa bahati mbaya, nikalitazama kwa mwanga wa makaa. Ndani ya vijumba kulikuwa na kizazi kizima kwa hatua zake. Malkia mzuri hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku msimu wa maua. Yai lililorutubishwa humtoa jike. Akilishwa maziwa ya nyuki kwa wingi hadi mwisho huwa malkia, asipolishwa hivyo huwa kibarua. Yai lisilorutubishwa humtoa dume, kiumbe mwenye mama na babu mzaa mama lakini asiye na baba. Kibarua huanza kazi kwa kusafisha vijumba, halafu hulea, hujenga kwa nta inayotoka kwenye tezi za tumbo lake, hulinda mlango, na mwishoni ndipo huenda kutafuta mbochi na chavua. Wakati wa kazi nyingi huishi wiki sita hivi, au pungufu.

Asubuhi, mkono umevimba, tulirudi kwenye swali langu. Babu alitofautisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nikiyachanganya. Kuna kugawanyika: kundi limekuwa kubwa, malkia mkongwe anaondoka na sehemu ya vibarua, na nyumbani anabaki malkia mpya. Halafu kuna kuhama: wote wanaondoka, mzinga unabaki na masega makavu. Wanahama kwa sababu ya siafu, nyegere, moto, urinaji mbaya, au maua yamekwisha na maji yamekauka. Kuhama kwa njaa hakuwi kwa ghafla. Watafiti waliofuatilia nyuki hawa Botswana waliona kwamba kundi linalojiandaa hupunguza kulea kwa wiki kadhaa, hungoja majana ya mwisho yatoke, hula akiba, ndipo liondoke. Babu alilieleza hilohilo kwa alama zake: ukiona mlangoni hawaingizi tena chavua miguuni, na mzinga umekuwa mwepesi, wameshafunga mizigo.

Jambo hili huwatia wazimu wataalamu wa uzalishaji. Nyuki wa Ulaya, ambaye kwa vizazi vingi amepita kwenye baridi kali isiyompa nafasi ya kuhamahama, hukaa na kuweka akiba kubwa. Huyu wa kwetu hupima msimu, na ukimshinda huenda kwingine. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, alichukua malkia wa Afrika, wengi kutoka Afrika Kusini na baadhi kutoka Tanganyika, akitaka kuwachanganya na wale wa Ulaya waliokuwa hawazalishi vizuri kwenye joto la tropiki. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro. Mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umefika Texas, na magazeti ya kule yaliwaita nyuki wauaji. Mimi huona jina hilo ni uonevu. Nyuki huyu ametoka kwenye msitu wenye nyegere, siafu na binadamu mwenye kienge. Mpole angekuwa amekwisha zamani.

Mpwa hakubaliani na mjomba wake katika mengi, na alitaka nione manzuki yake karibu na kijiji. Ni mizinga ya masanduku yenye viunzi juu, imepangwa chini ya kibanda. Kila kiunzi kina sega lake, linainuliwa, linakaguliwa, linarudishwa. Hakuna anayelazimika kukata majana ili afikie asali. Alihudhuria mafunzo mafupi mjini Tabora na kurudi na jicho jipya. Alifungua kijumba cha dume kwa ncha ya kisu, akamtoa jana mweupe, akaniambia nitazame mgongoni. Kulikuwa na kidoa cha rangi ya kutu, kipana kidogo kuliko kirefu, kama milimita moja na nusu. Kilikuwa kinatembea.

Huyo ni utitiri wa varoa. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, ambaye amezoeana naye. Katika karne ya 20 alihamia kwa nyuki wetu wa kawaida, akasambaa na biashara ya makundi na malkia. Marekani alionekana mwaka 1987. Jike huingia kwenye kijumba muda mfupi kabla hakijafunikwa, hutaga humo, na yeye na watoto wake humla jana aliyemo. Juu ya hayo huambukiza virusi, vikiwemo vile vinavyomfanya nyuki azaliwe na mabawa yaliyojikunja. Ulaya na Amerika Kaskazini, kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache. Kenya na Tanzania utitiri huu ulithibitishwa mwaka 2009, na wengi walitarajia maafa.

Hayakutokea kwa namna ile. Utafiti ulioongozwa na Elliud Muli, uliochapishwa mwaka 2014, ulikagua mizinga sehemu mbalimbali za Kenya na kukuta varoa karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini wingi wa utitiri haukuonekana kuyapunguza makundi. Dawa za wadudu zilizokutwa mizingani zilikuwa chache. Wafugaji hawakuwa wakitibu. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na bado zinapimwa: nyuki hawa husafishana na kutupa majana yenye dosari, majana yao hukomaa haraka kidogo na kumpa utitiri muda mfupi wa kuzaana, na hugawanyika na kuhama mara kwa mara. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nikumbuke mizinga mitupu. Utitiri huzaana ndani ya kijumba kilichofunikwa tu. Kundi likisimamisha kulea wiki tatu, likaacha masega yote nyuma na kwenda kuanza upya, utitiri umefungiwa kiwanda chake. Mfugaji asiyetibu, kwa upande wake, hulazimisha kila kundi dhaifu lipotee bila kuacha uzao. Ile hasara niliyodhani naiona juu ya miti ilikuwa sehemu ya afya yao.

Kuna ushahidi wa namna hiyo hata kwa nyuki wa asili ya Ulaya. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell amefuatilia makundi ya porini katika msitu wa Arnot, jimbo la New York, yaliyoishi na varoa bila dawa. Hukaa kwenye mashimo madogo ya miti, mbali mbali, na hugawanyika mara nyingi. Nilimsimulia Babu. Akauliza kama kwenye msitu huo kuna nyegere. Nikasema nyegere hawako Marekani. "Basi hao wanaishi vizuri sana," akasema, akaendelea kuchuja.

Sidai kwamba Sikonge ni peponi pa nyuki. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni kwenye mabani. Njia yote ya kutoka kijijini tulipita mashamba yenye visiki, na kila kisiki kiliwahi kuwa na ua. Nyuki anayehama akikuta visiki upande wa pili, uhuru wake haumsaidii kitu. Mpwa aliongeza habari ya dawa: wakulima hupuliza asubuhi maua yakiwa yamefunguka, na vibarua hufia njiani. Yeye amewaomba majirani wapulize jioni. Wengine wamekubali, wengine wamemwambia awafunge nyuki wake.

Nilimuuliza mpwa kama ataanza kuweka dawa ya varoa kwenye masanduku. Alikuwa amelifikiria. Mtu mmoja alikuwa akizunguka vijijini akiuza vipande fulani vya kuning'iniza mizingani, bei ghali. Babu, aliyekuwa akimimina asali kwenye dumu kupitia kitambaa, alijibu kabla yake: kundi linalohitaji dawa liache liende. Kijana akasema mjomba ana mizinga mingi ya kungojea, yeye ana masanduku machache na mkopo. Sikuona wa kumpa ushindi. Sanduku linaokoa majana na mninga, na linampa kijana asali safi ya kuuza bei nzuri. Lakini ukishaweka fedha nyingi kwenye kila kundi, kuliacha liende kunakuwa kugumu, na hapo ndipo wenzetu wa ng'ambo walipoanzia.

Mchana wa mwisho walichemsha makapi ya masega kwenye gunia ili wapate nta, ile ile iliyouzwa ng'ambo kutoka Unyamwezi tangu enzi za Wajerumani. Maji yaliyooshewa masega yalikwenda kwenye mtungi wa wanzuki kwa jirani. Mpwa alifunga madumu mawili ya lita 20 kwenye baiskeli na kuijaribu mizani yake kwa kuitikisa.

Babu alikuwa na kazi yake kabla miombo haijaanza kuchanua Septemba. Alitaka kuteremsha baadhi ya mizinga iliyokaa mitupu kwa misimu kadhaa, aichome ndani kidogo kwa moto kuwatoa nondo wa nta, apake nta mpya, na kuihamishia ng'ambo ya korongo. Aliniuliza kama nitapita tena njia hiyo. Nikasema inshallah.

"Basi uje na waya," alisema. "Ule mnene, usioshika kutu. Kamba nyegere anaikata, mzinga unaanguka na watu wote ndani."

Mpwa akaniambia nisisahau na kitambaa cha kuchujia, cha nailoni, mita tatu. Babu akasema waya kwanza.